Bolti ya Baba kwenye Raleigh ya 1973

Mara ya kwanza baba kunishika sikio ilikuwa kwa sababu ya baiskeli. Mwaka ulikuwa 1991, niko darasa la sita hapa Lodwar, na kosa langu lilikuwa kuzungusha pedali kwa mkono ili nisikie friwili inavyolia. Sikuipanda, wala sikuitoa ukutani. "Ni ya watu," akaniambia, sikio langu likiwa bado mkononi mwake. "Mwenyewe amesema atarudi."

Mwenyewe alikuwa mhandisi kutoka Norwe, mmoja wa wale waliokuja na lami. Wanafunzi wangu hawaamini nikiwaambia kwamba barabara ya lami ya kutoka Kitale hadi hapa ililetwa na fedha za Norwe miaka ya themanini, baada ya ule ukame wa 1980 ambao wazee wetu huuita Lopiar. Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kambi walimoishi wageni hao. Oktoba 1990 serikali ya Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norwe, chanzo kikiwa kesi ya uhaini ya Koigi wa Wamwere, na Wanorwe wakafungasha. Mhandisi yule hakuwa na nafasi ya baiskeli garini. Akamwambia baba, nichungie hii, nitakuja kuichukua.

Basi baba akaichunga. Lami ya Wanorwe ikaanza kumeguka, ikawa mashimo, mashimo yakawa mahandaki, hadi madereva wakawa wanaendesha kando ya barabara na kuiacha barabara yenyewe kwa mbuzi. Baiskeli ilikuwa palepale ukutani. Baba alifariki mwaka 2020. Baada ya matanga ndugu zangu waligawana mifugo, mimi nikaachiwa stoo.

Bati la stoo lilikuwa na tundu moja, na kwa miaka 30 jua la asubuhi liliingia kwa tundu hilo likaipiga baiskeli ubavu mmoja tu. Upande wa ukutani ulikuwa kijani kibichi kama jani la mkwaju. Upande wa pili ulikuwa na rangi ya maji yaliyochemshiwa mchicha. Nilipoitoa nje na kuizungusha, jirani alidhani ni baiskeli mbili.

Kwa asiyeijua, hii si ile nyeusi nzito ya karia pana ambayo Kenya nzima huiita Blakmamba. Hii ni ya mbio: fremu nyembamba, usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo dume, matairi membamba, na gia kumi, yaani sahani mbili mbele na vigurudumu vitano nyuma. Mbele kuna nembo ya kichwa cha korongo, ndege wale wale wanaosimama majini kule Kalokol. Hiyo ni alama ya Raleigh, kampuni iliyoanzia mtaa wa Raleigh mjini Nottingham, Uingereza, katika miaka ya 1880. Chini ya kiti nikakuta namba imegongwa kwenye chuma. Raleigh za kuanzia mwaka 1973 husomeka hivi: herufi ya kwanza ni kiwanda, ya pili ni kipindi cha mwaka, na tarakimu inayofuata ni mwaka wenyewe. Yangu ilianza na N, ya Nottingham, na tarakimu yake ilikuwa 3. Kibandiko kilichochubuka kiliniambia jina: Grand Prix. Jina kubwa kuliko baiskeli yenyewe, niseme ukweli. Fremu yake ni chuma cha kawaida, si zile bomba za Reynolds 531 zilizoanza kuuzwa mwaka 1935 na ambazo wakusanyaji wa Ulaya huzigombania. Ilikuwa baiskeli ya kijana wa kazi anayetaka kukimbia Jumapili.

Nilidhani nitakuta kutu. Sikukuta ya kutisha. Mvua ya mwaka mzima hapa Lodwar ni kama milimita 200, na chuma kisichoona maji hakina haraka ya kufa. Baiskeli kama hii ikiwekwa Mombasa miaka 30, chumvi ya bahari ingeitafuna mpaka ndani ya bomba. Huku kwetu kinachokufa ni kile kisicho chuma. Matairi yalibomoka mkononi kama mkate wa jana. Mpira wa breki uligeuka jiwe. Kiti cha ngozi cha Brooks kilikuwa kimejikunja na kupasuka katikati. Grisi ilikuwa imekauka na kuwa kama sukari nguru, na ndani yake mchanga. Mchanga na grisi ndio adui mkubwa hapa. Vikichanganyika vinakuwa msasa, na kila ukizungusha pedali unajipigia msasa mwenyewe.

Sasa ningeweza kufanya kama alivyonishauri shemeji yangu: ondoa kila kitu, weka vipuri vipya vya Kichina, piga rangi nyeusi, uza. Lakini baba aliahidi kuirudisha kama alivyoipokea. Najua mhandisi, kama yu hai, ni mzee sana sasa. Hata hivyo nilijiwekea sharti: kitakachotoka kitarudishiwa kitu cha umri wake, au kitu ambacho fundi wa mwaka 1973 angekitambua bila kuuliza. Huko Ulaya hii ni shughuli ya watu wenye gereji na fedha za kuchezea. Mimi ni mwalimu wa fizikia mwenye spana tatu.

Mafundi wa Lodwar ni wazuri, ila ukiwapelekea baiskeli wanakutazama kama umewapelekea punda. Mikono yao sasa imezoea pikipiki za Boxer. Hata neno bodaboda limewahama. Lilizaliwa kwenye mpaka wa Busia, vijana wakivusha watu kwa baiskeli, leo ukisema boda kila mtu anafikiria petroli. Mzee mmoja wa viraka karibu na stendi ndiye aliyenielekeza. Ukitaka mtu anayejua chuma cha baiskeli, alisema, nenda Kakuma.

Alisema kweli. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, ilipopokea vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu hadi huku, na kwa miaka mingi, kabla ya pikipiki kutawala, teksi ya kambi ilikuwa baiskeli. Kambi ni kubwa, jua halina huruma, na mtu mwenye gunia la mgao hawezi kulibeba kichwani kutoka kituo cha kugawa hadi mwisho wa Kakuma 3. Wakaja Wakongo na Warundi, watu ambao baiskeli kwao ni kama ngamia kwetu. Warundi huiita ikinga. Wakongo wa mashariki husema kinga.

Fundi wangu ni Mkongo wa Uvira. Ana kibanda cha mabati na turubai kuukuu Kakuma 1, na mle ndani hakuna kinachotupwa. Nilifika na Raleigh juu ya paa la matatu, nimeifunga kwa kamba za katani. Hakuniamkia kwanza. Aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha, akaweka sikio kwenye fremu kama daktari.

"Mwalimu, hii kinga haiko ya kubeba mihogo," akasema. Ndipo tukasalimiana.

Tulianza na kitu kinachowashinda wengi: kotapini. Baiskeli za zamani hazina bolti za kisasa za kushika mikono ya pedali. Zina kijipini cha chuma, unene wa kidole cha mtoto, ubavu mmoja umekatwa bapa. Kinapita kwenye mkono wa pedali na kuubana kwenye ekseli, kisha nati ndogo inakishika upande wa pili. Zikikaa miaka 30, pini na mkono vinashikana kama vimezaliwa pamoja. Ukipiga nyundo kwa hasira, pini inapinda, na nguvu ya nyundo inaingia moja kwa moja kwenye gololi na vikombe na kuvitoboa vidonda. Fundi alimwaga mafuta taa yaliyochanganywa na mafuta ya gia, akaacha usiku kucha. Asubuhi akasimamisha kipande cha bomba la maji chini ya mkono wa pedali, ili pigo liishie ardhini badala ya kuishia kwenye gololi. Akalegeza nati mpaka ikawa sawa na ncha ya pini, akainua nyundo kubwa, na akapiga mara moja.

Pini ya kulia ikatoka. Safi, nyembamba, ya kiwandani. Akapiga ya kushoto. Ikatoka kitu kingine kabisa.

Kilikuwa kinene kidogo kichwani, na hesi zake zilikuwa pana. Fundi akakipeleka kwenye mwanga, akakigeuza, akanipa. Ubavu wake bapa ulikuwa na mikwaruzo ya tupa, mingi, ya mtu aliyepima, akatia, akatoa, akapiga tupa tena. "Hii ni bolti ya lori," akasema. Bolti ya inchi 3/8 ina unene wa milimita 9 na nusu, na pini za Raleigh ni milimita 9 na nusu. Mtu fulani alilijua hilo, au alilipata kwa kujaribu.

Kisha akafungua ekseli na kuhesabu gololi kwenye sahani ya bati. Upande wa kulia 11, kama inavyotakiwa. Upande wa kushoto 9.

"Mzungu wako alihesabu huku akasahau kuhesabu huku?"

Nikamwambia hakuna aliyeipanda baiskeli hii tangu Mzungu aondoke. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na sikio la kuthibitisha.

Fundi akainua tyubu ya mbele, ambayo mimi nilishaitupa pembeni kama takataka. Ilikuwa na viraka saba, vyote vya mpira mweusi mnene wa tyubu ya gari. "Basi ilikuwa natembea yenyewe," akasema. "Usiku."

Jioni ile nilimpigia mama simu. Anaishi Kanamkemer na ana zaidi ya miaka 80, na anapocheka simu inabidi uiweke mbali. "Kwani ulidhani baba yako alikuwa analinda nini usiku kucha, nyota?" Mchana aliona haya kupanda kitu cha watu, akaniambia. Usiku si watu wamelala? Alikuwa akienda kwa ndugu yake, akienda kuangalia mbuzi, akienda tu. "Hata mimi amenibeba kwenye lile bomba la mbele mpaka daraja la Turkwel. Wewe ulikuwa umelala."

Nilikaa na simu mkononi. Pale ndipo sharti langu la vipuri vya umri wake lilipoanza kunisumbua. Kama pini ya kiwandani ni halali kwa sababu iliwekwa Nottingham mwaka 1973, bolti hii iliyowekwa Lodwar ni nini? Fundi hakuwa na muda na falsafa hiyo. Bolti imechoka, alisema, ona ilivyolika shingoni. Tutaweka pini mpya. Hii usiitupe.

Pini mpya zilipatikana kirahisi, maana baiskeli za India zinazouzwa huku zimefuata vipimo vilevile. Kuna siri moja hapa ambayo nimeona hata mafundi wakiikosea: pini mbili lazima zitazame pande tofauti, moja ikiingia kwa juu na nyingine kwa chini. Ukiziingiza zote upande mmoja, mikono ya pedali haitakuwa kwenye mstari mmoja, na utachechemea ukiwa umekaa.

Kikombe cha kushoto cha ekseli ndicho kilichotutoa jasho. Zile gololi 9 zilikuwa zimechimba mashimo ndani yake. Kikombe ni kitu kidogo, na duka lolote la Kitale lina vikombe. Lakini Raleigh walikuwa wakaidi. Wenzao wa Uingereza walikata hesi 24 kwa inchi, wao wakakata 26. Kikombe cha kawaida kitaingia mzunguko mmoja, kitakuambia kimekubali, kisha kitaharibu hesi za fremu milele. Wengi wamezika fremu nzuri kwa njia hiyo. Tiba ni kutafuta Raleigh nyingine ya Nottingham, hata kama ni ya aina tofauti, kwa sababu walikata hivyo kwa wote, wa mbio na wa mizigo.

Fundi akatazama juu. Mimi nikatazama juu. Boriti aliyotundikia tyubu na minyororo, ambayo nilikuwa nimeinama chini yake siku mbili nzima, ilikuwa fremu ya Blakmamba. Kichwani ilikuwa na korongo.

Ile ilikuwa ya kijana wa Sudan aliyebeba abiria hapo kambini. Mwaka 2001 Marekani ilipochukua vijana wale kwa maelfu, naye akapanda ndege, akaiuza kwa fundi aliyekuwepo, na fundi huyo alipopata safari yake akamwachia huyu wa Uvira. Tukaishusha. Kikombe kilikuwa kigumu kutoka, na kilipotoka kiling'aa ndani kama kioo. Kikaingia kwenye fremu yangu kwa vidole, bila spana, mpaka mwisho. Nimefundisha fizikia miaka 20 na sijawahi kufurahia skrubu namna ile. Tukatia gololi 22 mpya, 11 kila upande, zimezama kwenye grisi. Fremu ya Msudani ikarudi darini kushika tyubu.

Fundi hatoki Kakuma anavyotaka. Mkimbizi anahitaji kibali cha safari, na kibali hakitolewi kwa sababu ya kutafuta tairi. Kwa hiyo kazi ya kutafuta ilikuwa yangu, na nilikosea mapema. Muuzaji mmoja, mji wake sitautaja, aliniapia kwamba tairi la 28 na la 27 ni mtu na nduguye. Kwa namba ni kweli. Kwa milimita, rimu ya 28 ya Blakmamba ina kipenyo cha 635 mahali tairi linapokaa, na rimu yangu ya 27 ina 630. Milimita tano tu. Nilivalisha, nikajaza upepo, nikasifia. Dakika kumi baadaye tairi likatoka rimuni kwa mlipuko uliowatawanya mbuzi wa jirani hadi barabarani. Wa mwisho alirudi jioni. Za kisasa za 700 nazo ni 622, ndogo mno, haziingii hata ukizilamba. Za 27 zenyewe nilizipata Nairobi kwa mwuzaji wa baiskeli za mitumba, zikasafiri kwa basi kupitia Kitale, Marich na Kainuk, zimefungwa kwa magazeti.

Kwa mwuzaji huyohuyo nilipata kibadili gia. Kile cha asili kilikuwa Simplex ya Ufaransa, na Simplex miaka ile walipenda plastiki ngumu ili kupunguza uzito. Plastiki hiyo hata Ulaya inapasuka. Kwenye joto la nyuzi 35 kila mchana ilikuwa imegawanyika kama ganda la njugu. Badala yake nikapata SunTour ya Japani, ya chuma na aluminiamu. Nadhani nilifanya vizuri kuliko kiwanda. SunTour ndio waliobuni, mwaka 1964, kibadili gia kilicholala mshazari ili kigurudumu chake kifuate meno yanavyopanda na kushuka, na hataza yao ilipokwisha muda dunia nzima ikawaiga. Kijana wa 1973 aliyevunja Simplex yake angeweka SunTour. Sharti langu likatulia.

Kiti sikukinunua. Shangazi yangu, dada yake baba, ni wa kizazi cha wanawake waliojua kulainisha ngozi kwa mikono na mafuta ya kondoo. Nilimpelekea fremu ya kile kiti cha Brooks, chuma chake kizima, ngozi yake imekufa. Akakikalia kwanza hewani, kwa mzaha, akasema Wazungu wana makalio ya kuku. Tulikata ngozi ya mgongo wa ng'ombe, maana ya tumbo hulegea, tukailoweka, tukaivuta juu ya chuma na kuifunga. Ya kwanza niliianika juani kama mjinga. Ndani ya saa moja ilikuwa imekunjamana kama samaki wa kukaushwa. Ya pili shangazi aliiweka kivulini chini ya gunia bichi, siku tatu, akiinyunyizia maji kila nilipopita na kunikataza kuigusa. Ribiti tulizikata kutoka kwenye waya mnene wa shaba. Ni ngumu bado. Inakubali makalio yangu polepole, na mimi naikubali.

Rimu za chuma nilizing'arisha kwa majivu na kitambaa. Breki kwenye rimu za chuma zina sifa mbaya kwamba zikilowa hazishiki, jambo linalowakera sana Waingereza. Hapa kwetu siku ya kulowa unaikumbuka kwa jina.

Rangi sikuigusa. Nilipanguza vumbi, nikapaka nta ya mishumaa iliyoyeyushwa kwa mafuta, basi. Upande mmoja kijani, upande mmoja maji ya mchicha. Lodwar nzima imenisuta. "Mwalimu, umetengeneza miaka miwili halafu umesahau rangi?" Nimechoka kueleza, siku hizi nasema rangi iko njiani.

Aliyeielewa bila kuelezwa ni muuza kahawa mmoja wa Kakuma 1, mtu wa Asmara. Aliona usukani tu, akaacha jebena, birika lake la kahawa, motoni. Waitaliano walipeleka baiskeli Eritrea, na Waeritrea wakazichukua zikawa zao. Mbio za kuzunguka nchi yao zilianza mwaka 1946, na mwaka 2024 Biniam Girmay alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani. Lakini nilipokutana na mzee huyu Girmay alikuwa bado hajafanya hayo. Mzee alinisimulia Jumapili za Asmara, wanaume wamejipanga kando ya barabara wakijua kila mpanda baiskeli kwa jina. Kisha akauliza bei. Nikamwambia si yangu, ni ya mtu. Nilijisikia kama baba nilipolisema.

Agosti 2023, shule zimefungwa, niliamua kuipeleka Kakuma kwa magurudumu yake yenyewe. Ni kilomita 120. Miaka kumi nyuma ningeitwa mwendawazimu, matairi membamba kwenye yale mahandaki. Lakini barabara nayo imefanyiwa ukarabati wake. Ule mradi wa kuiunganisha Eldoret na mpaka wa Sudan Kusini, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wafadhili, umeleta lami mpya kupita Lodwar na Kakuma. Baiskeli ililetwa hapa lami ikiwa mpya, ikalala lami ilipokufa, ikaamka lami ilipofufuliwa.

Niliondoka saa kumi na nusu alfajiri. Huku upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi. Ni upepo uleule unaozungusha mapangaboi 365 ya umeme ng'ambo ya ziwa, upande wa Marsabit, na siku ile ulikuwa mgongoni mwangu. Nilitia sahani kubwa ya meno 52 na kigurudumu kidogo cha nyuma. Kwa hesabu yangu, mzunguko mmoja wa pedali unanisukuma karibu mita 8. Blakmamba yenye meno 44 mbele na 18 nyuma inatoa kama mita 5 na nusu. Baiskeli haikupiga kelele. Ile gia haina vituo vya kukuambia umefika, unaisogeza mpaka sikio likubali. Jua lilipotoka nilikuwa nimepita nusu ya njia, na kivuli changu kilikuwa kirefu mbele yangu, na kwenye kivuli huwezi kujua ubavu upi umepauka.

Miiba ndiyo niliyoiogopa. Mbigiri, na ule mti wa mathenge, ambao sisi Waturkana tunauita etirae, ulioletwa miaka hiyo hiyo ya misaada ili kuzuia jangwa na sasa umekaba kila mto. Fundi alikuwa ameweka tyubu kuukuu iliyopasuliwa kati ya tairi na tyubu. Sikupata pancha hata moja.

Kilichotokea ni kingine. Mbele ya njia panda ya Lokitaung, kama kilomita 90 hivi kutoka Lodwar, nilisikia *tik* kwenye kila mzunguko. Fundi alikuwa ameniambia: pini mpya inajilaza, baada ya safari ya kwanza ni lazima uikaze. Nilijiambia nitakaza Kakuma. Kilomita tatu baadaye mguu wa kushoto ukazama, nati haipo, pini haipo, pedali inaning'inia. Niligeuka kuitafuta lamini. Mtoto mchungaji na kondoo wake wakanitazama nikitembea nimeinama.

"Ejok," nikamwambia.

"Ejok noi." Akatazama baiskeli, upande mmoja, akazunguka, upande mwingine. Hakusema kitu.

Kwenye mfuko chini ya kiti nilikuwa na spana, viraka, solusheni, na bolti ya baba imefungwa kwa kipande cha kitambaa. Nilikuwa nimeibeba kwa sababu Fundi alisema nisiitupe, sikuwa na sababu nyingine. Niliisukuma kwenye tundu. Ubavu wake bapa ukakutana na ekseli mahali ulipokuwa umekutana nayo usiku wote ule. Mtoto akaniletea jiwe. Nikaweka jiwe jingine chini ya mkono wa pedali, nikapiga mara tatu, nikafunga nati.

Niliingia Kakuma saa sita kasoro, midomo imekauka. Fundi alikuwa ameketi mlangoni. Aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali kwa mkono, akainamisha kichwa kusikiliza. Akaiona bolti. Akaishika kati ya vidole viwili, akaitikisa. Haikutikisika.

"Mzee alikuwa fundi," akasema. Kisha akaingia ndani, akatoka na kotapini mpya na lile bomba la maji. "Leta mia mbili."